Yusufu Alilia

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaitwa nyani asiyeona kundule.

Miaka michache iliyopita niliandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Pasaka. Kikundi chetu cha vijana kiliucheza katika ukumbi mmoja wa kanisa hapa Tabora, upande wa Ng'ambo, na benchi zilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Ulikuwa juu ya Yusufu mwana wa Yakobo, yule aliyeuzwa na kaka zake. Nilijiona fundi kwelikweli. Kaka zake walipomvua kanzu, nilimsimamisha mwigizaji mikono ameitanua, nyuma yake mbao mbili zimepishana. Fedha 20 zilipohesabiwa, kijana wa nyuma ya pazia alizidondosha moja moja ndani ya sufuria, zikalia. Taa zikazimwa, zikawashwa, na sufuria ile ile ikapokea fedha 30. Mwigizaji yule yule, kanzu ile ile, sasa ni Yesu. Watu walipiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele. Na muda wote huo, tangu shimoni mpaka msalabani, kijana wangu hakutamka neno hata moja. Niliandika hivyo kwa makusudi kwenye daftari, kwa herufi kubwa: ASISEME KITU.

Bibi yangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Tulirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, kwa sababu ya magoti yake. Tulipofika karibu na reli akanishika mkono.

"Mume wangu," akaniambia, maana bibi zetu wa huku hututania hivyo sisi wajukuu wa kiume, "yule mtoto wa shimoni mbona hakulia?"

"Bibi, yule ni mfano wa Yesu. Kondoo akienda kuchinjwa hapigi kelele."

"Hapigi. Na mtoto je?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ni jibu lililochelewa, na waandishi wenzangu mtanivumilia nikiwagusa na ninyi humo njiani.

Kwa wale ambao hawakupita madarasa ya dini, nieleze kwa kifupi mtambo huu unavyofanya kazi. Wakristo tangu mwanzo walizisoma hadithi za Waebrania kama kivuli kinachotangulia mwili. Isaka anapanda mlima amebeba kuni za kumchomea yeye mwenyewe. Yesu anapanda mlima amebeba mti wake. Kondoo dume amenasa pembe kichakani. Agustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, akaona pale taji la miiba. Kondoo wa Pasaka ya Misri hakutakiwa kuvunjwa mfupa. Injili ya Yohana inakumbusha kwamba askari hawakumvunja Yesu miguu. Na Yusufu ndiye kivuli kilichonyooka kuliko vyote: anapendwa na baba, anachukiwa na ndugu, anavuliwa nguo, anatiwa shimoni, anauzwa kwa fedha, na mwisho anakuja kuwalisha walewale waliomuuza.

Mwandishi gani asingetamani mpangilio kama huo? Nakiri, ni mtamu. Unapanda mbegu ukurasa wa kwanza, unavuna ukurasa wa mia. Ngugi wa Thiong'o alifanya kazi hiyo katika A Grain of Wheat, riwaya yake ya mwaka 1967: Kihika ana Biblia yake aliyoipigia mistari, ananyongwa, na Mugo aliyemsaliti anasifiwa na kijiji kizima kama shujaa. Lakini angalia, Mugo hageuki kuwa Yuda wa kwenye picha ya ukutani. Ana kibanda chake, upweke wake, na woga unaomfanya atokwe jasho. Kivuli kipo, ila kina mwenyewe. Sisi wengi wetu tunaandika vivuli visivyo na wenyewe.

Nikirudi kwa wazee wa zamani, naona njia mbili za kusoma kivuli. Ya kwanza ni ya Melito, askofu wa Sardi, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyehubiri juu ya Pasaka katika karne ya 2. Anawapanga mstari mmoja Abeli, Isaka, Yusufu, Musa, Daudi, na ndani ya kila mmoja anamwona Kristo akiteswa. Ni hotuba inayosisimua mwili, siwafichi. Lakini humo humo anatoa mfano wa fundi: fundi hufinyanga kwanza kielelezo kidogo, na kazi yenyewe ikishasimama, kile kielelezo hakina thamani tena, kinavunjwa. Na humo humo pia anawageukia Wayahudi, wenye hadithi, na kuwashutumu kwamba wamemuua Mungu. Sidhani kama mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Ukishaiona hadithi ya mtu kuwa kielelezo cha kuvunjwa, mwenye hadithi naye anaanza kukukera, anabaki mlangoni kama mgeni ambaye hajui kwamba sherehe imekwisha. Kumbe kwake haijaisha hata kidogo. Wayahudi mpaka leo wanaisoma hadithi ya kufungwa kwa Isaka katika Rosh Hashana, sikukuu ya mwaka wao mpya, wala hawangoji mtu aje kuwamalizia.

Njia ya pili niliikuta kwa Erich Auerbach. Fotokopi zake zimechoka, nilipewa na rafiki aliyesoma Mlimani, na kurasa mbili hazipo. Auerbach alikuwa Myahudi wa Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu. Serikali ya Hitler ilimfukuza kazi, akahamia Istanbul mwaka 1936. Huko, mwaka 1938, akachapisha makala yake "Figura" juu ya mtindo huu huu wa Wakristo. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba katika usomaji wa namna hii tukio la kwanza na la pili yote mawili ni ya kweli, yote yalitokea kwa watu wenye damu. La kwanza halifutiki kwa sababu la pili limekuja. Nikafikiri: mtu amefukuzwa kazini kwa sababu ya kuzaliwa Myahudi, anakaa ugenini kutetea uzito wa hadithi za mababu zake, na anautetea kwa kutumia kanuni za Wakristo wenyewe. Halafu katika kitabu chake Mimesis cha mwaka 1946, sura ya kwanza kabisa, anaichukua safari ya Ibrahimu na mwanawe na kuonyesha jinsi hadithi ile inavyonyamaza: hatuambiwi jua lilikuwaje wala nyuso zilikuwaje. Kila kinachonyamaziwa kinalemea.

Basi njoo na mzigo huo mpaka Tabora.

Watu wa miji mingine wakisoma sura ya 37 ya Mwanzo wanaona ngamia na mchanga. Mimi naona mtaa. Msafara unaopita na manukato kwenda Misri, ambao njiani unamnunua mvulana kama bidhaa ya nyongeza, huo tunaujua. Njia kuu ilipanda kutoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857, wakawakuta Waarabu wamekwisha jenga matembe yao. Pembe zilishuka pwani, nguo za merikani na kaniki zikapanda bara. Watu nao walishuka. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata njia hiyo hiyo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ukipanda treni leo na mfuko wako wa asali unapita walipopita.

Na maneno yetu ya dini yalipanda kwa njia hiyo hiyo, mengi yake kabla Biblia ya Kiswahili haijafika huku. Hapa naomba msomaji usikimbie, ndipo penye utamu. Chukua fidia. Katika Injili ya Marko Yesu anatoa uhai wake kuwa fidia. Sasa fungua Kurani, sura ya 37, aya ya 107, pale mwana wa Ibrahimu anapookolewa kisu kikiwa karibu: kitenzi cha Kiarabu kilichotumika ni cha mzizi ule ule wa fidia, na mnyama aliyetolewa badala yake ametajwa kwa neno la ukoo mmoja na dhabihu yetu. Chukua kafara, ambalo mtaani tunalitumia kwa kuku mweupe wa mganga na pia kwa karani aliyetupiwa makosa ya bosi wake. Ni ndugu wa neno la Kiebrania Kipuri, siku ya Wayahudi ya kuondolewa dhambi. Yaani Mswahili akifungua kinywa kusema habari za sadaka, nyumba tatu zinageuka kuangalia.

Nimekulia katikati ya nyumba hizo. Baba mdogo ni Mwislamu, na Idi ya kuchinja tulikuwa tunakwenda kwake sote, na misalaba yetu shingoni, kula nyama. Ni yeye aliyeniambia kwamba katika Kurani mwana haburutwi mlimani bila kujua. Baba anamweleza ndoto aliyoota na kumuuliza anaonaje, na mwana anajibu. Kurani yenyewe haimtaji jina. Waislamu wengi wanasema ni Ismaili, ndivyo anavyosema baba mdogo pia. Kwenye Mwanzo nako Isaka anasema: anamuuliza baba yake moto na kuni ninaviona, kondoo yuko wapi? Baba anamjibu kwa mafumbo, na toka hapo mpaka kisu kinyanyuke, kimya. Mnaona? Katika nyumba zote mbili mtoto ana sauti. Ni sisi waandishi wa michezo ya Pasaka tunaoiziba.

Halafu kuna neno zito kuliko yote, kukomboa. Mkombozi kanisani ni Yesu. Lakini kwa watu wa kawaida kukomboa ni kwenda na pesa kuchukua kitu chako kilichowekwa rehani: redio, baiskeli, shamba. Na zamani, mtu. Miaka ya 1880 wamisionari wa Afrika, wale mapadre wa kanzu nyeupe, walikuwa na makazi ya watoto waliokombolewa pale Kipalapala, nje kidogo ya mji, ambako baadaye, mwaka 1925, ilifunguliwa seminari. Kukombolewa maana yake ni kwamba fedha ilitoka mkono mmoja ikaingia mwingine. Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifanya vivyo hivyo tangu mwaka 1868, na waliokombolewa wakaishi katika kijiji cha misheni, wakalima mashamba ya misheni kwa kengele na sheria za misheni. Silaumu kwa haraka. Aliyetoka sokoni Unguja akapata shuka na mlo hakuona ni mchezo. Nasema tu kwamba mahubiri ya kununuliwa kwa damu, yakihubiriwa kwa watu walionunuliwa kwa fedha za kweli mwezi uliopita, hayawezi kuwa taswira tupu. Yule msikilizaji alijua bei yake. Na tukumbuke, fedha 30 za Yuda ndizo ambazo sheria ya Kutoka sura ya 21 iliziweka kuwa malipo ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe akafa. Mimi kwenye mchezo wangu nilizitumia kwa sababu ya mlio wa sufuria!

Sasa nije kwenye swali la Bibi. Nani alilia, na nani aliandika?

Kitabu kinachojulikana kuliko vyote kwa Kiswahili juu ya njia hii ni maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyoyaeleza kwa maneno yake mwenyewe kabla hajafa mwaka 1905. Kinanoga. Mtu yule alijua kusimulia: deni, vita, pembe, hesabu. Baba yake alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira, kwa hiyo Tabora kwake ni kama ukweni na nyumbani. Lakini tuseme wazi, huyo ni mwenye msafara. Ni kama vile tungekuwa na kitabu cha Mwanzo kilichoandikwa na yule Mwishmaeli mwenye ngamia: Yusufu angekuwa mstari mmoja katikati ya manukato. Upande wa pili James Mbotela, wa ukoo wa watumwa walioachwa huru Kenya, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Hapo waliouzwa wanaonekana, ila sifa zinakwenda kwa Waingereza mno, utadhani Musa alitoka London. Aliyenigusa zaidi ni Adrien Atiman. Alikamatwa mtoto huko nchi za Timbuktu, akavushwa Sahara, akanunuliwa na mapadre weupe, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akatibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyo ni Yusufu kabisa, aliyeuzwa nchi moja akaponya watu wa nchi nyingine. Naye alisimulia maisha yake mwenyewe, yakachapwa mwaka 1946. Kwa Kiingereza.

Nikarudi kwenye Biblia yangu kumtafuta Yusufu akilia. Sura ya 37 nimeisoma pengine mara hamsini. Wanamvua, wanamtupa shimoni, wanakaa kula. Ndiyo, wanakaa kula chakula. Msafara unatokea, bei inapatana, mtoto anakwenda. Yeye hasemi neno. Nikajiambia, haya basi, Bibi amekosea, mchezo wangu uko sawasawa.

Mpaka nilipofika sura ya 42. Imepita miaka zaidi ya 20. Njaa imekaza, kaka zake wako Misri kutafuta nafaka, wamekamatwa, wana hofu, na hapo ndipo wanaanza kusemezana wao kwa wao: tuliiona shida ya moyo wake alipotusihi, tukakataa kumsikia. Alipotusihi! Kumbe alilia. Alilia shimoni wakati wale wanatafuna. Msimulizi wa sura ya 37 hakuiandika sauti hiyo, na bila njaa isingetoka kabisa, maana mashahidi wake pekee walikuwa wale waliomuuza.

Hapa ndipo ninapowashitaki wahubiri wa vivuli, na mimi mwenyewe nikiwa mshitakiwa namba moja. Tulimtaka Yusufu awe kimya kwa sababu katika kitabu cha Isaya kuna kondoo aliye kimya, na Yesu mbele ya Pilato hakujitetea. Tukachukua kimya cha mtu mzima aliyekubali, tukambandika mtoto wa miaka 17 ambaye hakukubali. Tofauti hiyo si ndogo. Sadaka ya kukubali na mauzo ya mtu anayesihi ni vitu viwili, na mtu aliyelelewa kwenye njia ya misafara hana ruhusa ya kuvichanganya. Hata msalabani, jamani, Injili ya Marko inasema Yesu alipiga kelele. Hata mwili wenyewe haukunyamaza kama kivuli tulichoutengenezea.

Siku niliyoiona sura ya 42 nilikwenda kwa Bibi na Biblia mkononi. Nikamsomea. Alikuwa anapeta mchele, hakuacha kupeta. Alipomaliza ungo ule akanieleza jambo ambalo nilikuwa sijalisikia toka nizaliwe.

Bibi yake yeye alimsimulia kwamba zamani za misafara ulikuja mwaka wa njaa, na nyumba yao ilimweka mtoto wa kiume rehani kwa mtu mwenye mtama. Vibaba kadhaa, mavuno yakija wakamkomboe. Mavuno yalikuja. Walipokwenda na mtama wao kichwani, yule mtu alikuwa amekwisha mpitisha kwa msafara uendao pwani. Basi. Siku ile alipochukuliwa, yule mtoto aligeuka mlangoni akauliza, "Kesho mbuzi watachungwa na nani?" Hakuna aliyemjibu.

"Alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Hawakuniambia. Waliniambia maneno yake tu."

Nimelifikiria sana hilo. Nyumba iliyomtoa ndiyo iliyotunza sauti yake, kama kaka zake Yusufu. Jina wamelipoteza, au wamelificha, lakini lile swali limepita kwa bibi wanne mpaka kwangu. Na nimeelewa kwa nini Bibi kanisani, padri akitaja Mkombozi, huwa anaitikia kwa sauti ya chini, tofauti na wengine. Kwake mkombozi ni mtu anayewahi.

Hili linavuruga pia tabia yetu nyingine tunayoipenda. Sisi vijana wa hapa, tukiandika habari za njia ile, wote ni Yusufu. Kila babu alifungwa minyororo. Ukweli umechanganyika zaidi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichotoa mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi ya malipo na waliojivunia kazi yao. Huo si utumwa, na tuache kuwavika minyororo ili mashairi yetu yapate huzuni. Na wengine wetu tulikuwa wenye mtama. Mtemi Isike, ambaye kila mshairi wa Tabora amemtungia beti, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 asikamatwe na Wajerumani, na nimesoma mashairi mawili yanayomfananisha na Samsoni, moja na Kristo. Ujasiri wake hauna mjadala. Lakini alikuwa mtawala aliyeitoza misafara hongo, nalo neno hongo zamani lilikuwa na maana hiyo, ushuru wa njia, na biashara ya misafara ilikuwa na watu ndani yake. Shairi litakalomfanya Isike awe kondoo litakuwa limemuua mara ya pili. Nataka kusoma shairi la Isike mwenye baruti na mwenye hesabu.

Niseme pia juu ya hadithi moja iliyosomwa katika kikao chetu, ambayo wengi waliisifu. Mwandishi simtaji, tutaonana Jumamosi. Msichana wa kijijini anapelekwa Dar es Salaam na shangazi wa kubuni kufanya kazi za ndani. Anateswa, hasemi, mshahara wake unamsomesha mdogo wake, anakufa Ijumaa, na Jumapili mdogo wake anafaulu mtihani. Mwishoni mwandishi anatuambia kwamba damu yake imeikomboa familia. Kuna ukurasa mmoja humo ningeutoa kwa wivu: pale msichana anapohesabu maandazi kila asubuhi, kumi na manne, na anajua likipungua moja atapigwa. Ukurasa ule una mwili. Kurasa nyingine zote amegeuzwa ishara. Hatujui anakumbuka nini, anamtukana nani kimoyomoyo, aliwahi kujaribu kutoroka au la. Na baya zaidi, wale waliompeleka wametoka bila doa, kwa sababu kifo chake kimeshapewa maana nzuri, na kifo chenye maana nzuri hakimtafuti mtu wa kumuuliza. Yusufu kweli alikuja kusema kwamba Mungu aligeuza ubaya wa ndugu zake ukawa wema. Lakini alilisema yeye mwenyewe, akiwa hai, amelia chumbani kwanza, na baada ya kuwaweka ndugu zake kwenye kiti cha moto sura nzima. Ndugu zake hawakuwa na haki ya kulisema hilo kwa niaba yake. Sisi waandishi nasi hatuna.

Kwa hiyo, mimi sijasema tuache vivuli. Nisingeweza hata kama ningetaka, kichwa changu kimejengwa navyo, na Kiswahili chenyewe kimejaa. Nasema mtoto wa shimoni awe mtoto kwanza, na awe na kiu na matusi na mbuzi wake. Kama baada ya hapo msomaji ataona msalaba nyuma yake, auone mwenyewe bila mimi kumpangia mbao.

Mchezo wangu nauandika upya. Zile mbao mbili nimezitoa, sufuria pia. Sasa unaanza na mbuzi, yule aliyechinjwa ili kanzu ichovywe damu, maana hata huyo lazima mtu alimkimbiza na kumkamata, na nani alijua kumkamata mbuzi kuliko mchungaji aliyekuwa shimoni? Yusufu anawasikia wakimkimbiza vibaya. Anapaza sauti kutoka chini kuwaelekeza, kisha anawauliza lile swali la kwetu. Kaka zake wako kumi pale juu, mikate mkononi. Hapo nimekwama wiki ya tatu sasa, sijui yupi kati yao atamjibu.